Beji ya Mkorosho

Mama alinipigia simu akaniambia mtoto analilia jina, na jina lenyewe lipo, kwa hiyo nisijifanye nina kazi nyingi huko Masasi. Alikuwa Mnyambe, kijijini kwetu Newala, kwa mdogo wangu wa kike, ambako binti wa huyo mdogo wangu alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Nyuma ya sauti yake nilimsikia huyo mtoto akilia kile kilio kikavu cha mtu aliyekwisha kuchoka ila hataki kuacha. Nikauliza kama wamempeleka zahanati. Wamempeleka, akasema Mama, na nesi amesema ni tumbo, litaacha lenyewe.

"Tumbo la nesi," akaongeza, akakata simu.

Kwetu mambo ya jina hayana mzaha. Mtu akifa, jina lake halizikwi naye. Linabaki kwenye ukoo wa mama yake likisubiri mtoto, na mtoto akishalipata anakuwa amekaa mahali pa mwenyewe. Mtoto mchanga akilia bila sababu ya kueleweka, wazee husema kuna anayetaka kurudi, wakaanza kumtajia wafu wa ukoo huku wakimtazama usoni. Anayelitamka jina mbele ya watu ni mjomba wa mama yake. Mjomba huyo ni mimi, na sina wa kumsukumia, maana kaka zangu wote wametangulia.

Jina alilolitaka Mama lilikuwa la mjomba wake mwenyewe, kaka wa bibi yangu. Alichukuliwa wakati wa vita kuu ya pili kwenda kupigana Burma katika jeshi la Mwingereza, Mama akiwa bado ananyonya. Hakurudi. Haikuja barua, wala hakuna aliyejua kaburi liko wapi. Kilichokuja, vita ilipokwisha, ni beji ya kofia iliyoletwa na askari mmoja wa upande wa Lukuledi. Alimwekea bibi mkononi, akasema pole, akakataa hata maji ya kunywa, akaondoka.

Bibi hakulia. Kulia kungekuwa kukubali, na yeye alisema kofia si mtu. Kwa hiyo hapakuwa na matanga, hakuna aliyenyoa kichwa, na jina halikupewa mtoto yeyote, maana huwezi kumpa mtoto jina la mtu ambaye huenda kesho akapiga hodi. Bibi aliisugua ile beji kila Jumamosi kwa majivu na ukwaju, ili mwenyewe akirudi aikute inang'aa aende nayo kanisani. Alipofariki walimkuta nayo chini ya mto. Mama akairithi pamoja na kungoja kwenyewe, ila yeye miaka ilivyozidi alianza kusema kwamba sasa inatosha, beji ndiyo mtu, akipatikana mtoto wa kiume kwenye tumbo la binti zake jina litoke.

Sisi watoto tulionyeshwa beji hiyo kwa mbali, kwa dakika ya kusema haya mmeona, kisha ikarudi kwenye kitambaa. Ilikuwa kipande cha shaba chenye mti. Mti wenyewe, tuliambiwa, ni mkorosho. Mwingereza aliwapa watu wa Newala beji yenye mkorosho ili wajulikane walikotoka. Tuliamini bila shida yoyote. Mtu wa Newala akiona mti umechorwa kwenye shaba, atafikiria mti gani mwingine?

Sasa niseme kuhusu mimi. Nina duka la vipuri vya pikipiki, na nina ugonjwa wa kukusanya beji za askari. Vita ile ya kwanza, ya Mjerumani na Mwingereza, ilipita huku kwetu kwa miguu, na mpaka leo ardhi inazitoa. Mtu wa Nanganga analima muhogo, jembe linagonga kifungo. Mtu wa Lukuledi anachimba shimo la choo, anapata kifungio cha mkanda au maganda ya risasi. Wananiletea. Naviosha, navitazama kwa kioo cha kukuzia kile ninachotumia kuangalia tundu za kabureta, napiga picha, naziweka kwenye kundi la mtandaoni la wakusanyaji wenzangu wa nchi mbalimbali, tunabishana. Vyangu vinakaa kwenye kopo la maziwa ya unga. Mke wangu anasema nikifa atanizika na kopo langu ili nisirudi kulitafuta.

Unaweza kufikiria nilivyoitamani beji ya Mama. Miaka yote nilimwomba niitazame kwa karibu, miaka yote alinijibu kwamba ile si ya kopo. Safari hii aliituma mwenyewe. Alimpa mama mmoja wa kanisani aliyekuwa anashuka Masasi, imefungwa kwenye khanga na khanga imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, na maagizo kwamba pini ya nyuma ilikatika zamani, niilehemu nyingine. Siku ya jina mtoto aivae kwenye nguo.

Nilisubiri dukani pasiwe na mteja ndipo nikaifungua. Nilifurahi kupita kiasi, nakiri. Ilikuwa nyembamba kuliko nilivyodhani, imelika kwa kusuguliwa mpaka kingo zake zilikuwa laini kama kipande cha sabuni iliyokaribia kwisha. Nikaiweka chini ya kioo, na furaha yangu haikudumu hata kidogo.

Mkorosho nimezaliwa chini yake. Mkorosho hausimami wima. Unatawanyika tangu chini, matawi yanalala, ukitaka kufanya palizi chini yake lazima uiname. Mti wa kwenye ile beji ulikuwa na shina moja refu, lisilo na tawi hata moja, na juu yake tone la shaba ambalo zamani lilikuwa majani. Majivu ya bibi yalikuwa yameyala majani yote. Ukiambiwa ni mkorosho utasema ndiyo, kwa heshima. Ukitazama mwenyewe, ni mti wa jamii ya mnazi.

Askari wa huku kwetu katika vita ya Burma walivaa beji yenye baragumu kwenye kofia, hilo nalijua, ninayo moja kwenye kopo. Nikapiga picha, nikaiweka kwenye kundi bila kueleza ni ya nani. Jibu lilikuja kabla sijafunga duka. Ni mchikichi, aliandika mzee mmoja ambaye sijawahi kumwona akikosea, ni beji ya askari wa Afrika Magharibi, nao walikuwa Burma hiyohiyo. Mwingine akauliza kama naiuza. Huyo nikamfungia asiniandikie tena, ingawa maskini hakuwa na kosa.

Nilikaa kwenye kiti cha wateja nikaitazama. Wasiwasi wangu haukuwa wa historia. Beji ile ilikuwa ndiyo ushahidi pekee kwamba mjomba wa Mama alikufa. Kama si yake, basi hakuna kilichowahi kuja kutoka kwake, na tuko palepale alipokuwa bibi, tunamngoja mtu apige hodi. Mama ana zaidi ya miaka themanini, ana presha, miguu inavimba. Akisikia hivi atasema tungoje. Ataifunga tena kwenye khanga, jina litabaki nje, na atakufa akingoja kama mama yake. Au presha itapanda palepale nami nitakuwa nimemuua kwa mkono wangu, kwa sababu ya kujua beji.

Na nikinyamaza? Nikinyamaza itabidi nisimame mbele ya ukoo, nimshike mtoto, niiinue beji juu niseme maneno ambayo mjomba husema: huyu ndiye aliyetuachia hiki. Hapo nitakuwa namwambia uongo Mama, na mtoto, na marehemu wawili, bibi na kaka yake ambaye simjui hata kwa sura.

Mke wangu nilimweleza tukiwa tunakula. Alisema ninyamaze. Mwache mama wa watu apate anachokitaka, akasema, huo mti wako utamsaidia nini sasa hivi? Nikamjibu vibaya, nikaacha chakula. Baadaye nikiwa naosha mikono nikaona alichosema kina akili, na hilo likanikasirisha zaidi. Pini niliilehemu hata hivyo. Nikaunguza kidole.

Simu ya Mama iliendelea kuita. Mtoto hajalala. Mtoto anatapika maziwa. Nesi amesema tena ni tumbo. Katekista amekubali kuja kuomba, na unga wa mtama wa kuwamwagia wafu umeshatwangwa. Hayo mawili kwa Mama hayajawahi kugombana: yeye ni mtoto wa misheni, hakosi ibada, na unga anamwaga vilevile. Kila aliponiuliza beji imepona, nilimwambia imepona. Nilikuwa nasema kweli, na nilijisikia mwizi.

Asubuhi ya safari niliwasha pikipiki mapema. Ulikuwa msimu wa kupulizia mikorosho, barabara yote inanuka salfa, watu wamejifunga vitambaa usoni. Beji ilikuwa kwenye mfuko wa shati, na kila mara niliachia mkono mmoja kuhakikisha ipo. Nilijaribu kupanga maneno. Nilipofika kwenye kilima cha kupandia Newala, ukungu ukanipiga usoni, nikajikuta naongea peke yangu kwa sauti, mara namwambia Mama kila kitu, mara namwambia simwambii. Mwenye bodaboda aliyenipita alinitazama kwa huruma.

Mnyambe walikuwa wameshafagia uwanja. Mpwa wangu aliniamkia shikamoo mjomba, nikamwitikia marahaba, nikamwona macho yamemwingia ndani. Mtoto alikuwa kwenye mgongo wa mdogo wangu, analia. Watu wa ukoo walianza kuja mmoja mmoja, wanasalimiana kwa Kimakonde, wanakaa kwenye mikeka. Katekista alikuwa ameshapewa kiti. Mama hakuwapo. Nikaambiwa yuko jikoni nyuma, anachekecha unga, na amekataa mtu yeyote kumsaidia.

Nilimkuta kwenye kigoda, miguu ameinyoosha, chekeche mapajani. Nilimwamkia. Akaitikia bila kuinua uso, akanyoosha kiganja chake cheupe kwa unga ili nimpe beji. Mpaka hapo nilikuwa bado sijaamua. Nilipomwekea mkononi nikaona jinsi vidole vyake vilivyoifunika, kwa mazoea, na nikajua siwezi kwenda kusimama uwanjani na lile neno.

"Mama," nikasema, "huu mti si mkorosho."

"Ni mti gani?"

"Mchikichi. Ni beji ya askari wa Afrika Magharibi. Wa kwetu walivaa baragumu."

Chekeche likasimama. Nilikuwa nimechuchumaa mbele yake, natazama kifua chake kinavyopanda na kushuka. Nikaanza kuongea haraka haraka. Nikamwambia huenda walibadilishana, askari hubadilishana vitu hivi, huenda alikuwa rafiki yake. Huenda ilikutwa kwenye vitu vyake hospitali. Huenda yule wa Lukuledi hakupata chochote cha kuleta, akaona aibu kuja mikono mitupu kwa dada wa mtu, akachukua alichokiona. Nilisema huenda nyingi kiasi kwamba mwenyewe nilichoka kuzisikia. Mama aliziacha zipite zote. Aliinua beji kwenye mwanga wa mlango, akaisogeza karibu na jicho lake linaloona vizuri.

"Kwa hiyo hatukuletewa kitu," akasema.

Nikamuuliza kama amekunywa dawa.

"Nimekunywa. Usinipime." Akaifuta beji unga kwa ncha ya khanga. "Mama yangu alilala na kaka wa watu chini ya mto mpaka anakufa."

Alisema hivyo bila kulia, nami ndiye niliyeanza kuona ukungu machoni. Uwanjani mtoto alikuwa bado analia, na nilisikia mtu akiuliza tunangoja nini. Mama akauliza swali ambalo mimi, pamoja na kioo changu na kundi langu la wajuzi, sikuwa nimejiuliza hata mara moja.

"Na huyu, kwao walipelekewa nini?"

Nikasema sijui.

"Na hao wa kwenye kopo lako?"

Nikasema sijui hao pia. Ningeweza kumwambia kila moja imetoka shamba gani, ni ya jeshi gani, na ni shaba au chuma kilichopakwa. Baadhi zilikutwa na mifupa, tukarudisha udongo, mimi nikaondoka na beji. Nilimweleza hilo pia, sijui kwa nini, labda kwa kuwa alikuwa ananitazama. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba kila moja ilikuwa na dada anayengoja mahali, na akarudi kwenye chekeche.

Nilingoja aseme neno nililoliogopa tangu Masasi. Nilijua litakavyokuja: tungoje, mwanangu. Alichekecha mpaka unga ukaisha. Kisha akaugawa kwenye sahani mbili, akanyoosha mkono nimnyanyue, na kwa uzito alionilemea nikajua safari ile miguu ilikuwa inamuuma kweli.

"Mama alikuwa na nguvu ya kungoja," akasema. "Mimi sina. Nikiendelea kungoja nitamkuta mjomba huko aliko kabla hajanikuta huku." Akaniwekea sahani moja mkononi. "Pini itoe. Mtoto wetu hawezi kuvaa mtu wa watu."

Pini niliyoiungulia kidole nikaikwanyua kwa meno.

Uwanjani alianza na sahani ya kwanza. Aliiweka mbali kidogo na mlango, upande ambao kwetu huwekwa cha mgeni, akalaza beji juu ya unga, na akaongea nayo kwa Kiswahili. Kiswahili chetu sisi wote ni cha kujifunza, nyumbani tunaongea Kimakonde, ila nadhani aliona mtu wa mbali kama yule angalau ataelewa hicho. Alimwambia: wewe mwenye mti, tulikuchukua kwa makosa. Tulikuwa tunakusugua kwa upendo wa mtu mwingine, tumekufuta majani. Kaa hapa kwetu, hatutakusugua tena, ili watu wako wakija wakutambue. Wengi pale hawakuelewa anazungumzia nini, wakatazamana. Katekista hakuelewa pia, lakini aliinamisha kichwa na kusema amina.

Kisha akamwaga unga wa pili mlangoni, mahali pake hasa, bila kitu chochote juu yake. Unga mtupu. Akamchukua mtoto mgongoni kwa mdogo wangu, akanipa mimi. Alikuwa wa moto, analia, mwepesi kuliko nilivyotarajia, na shingo yake niliiogopa. Maneno ya kusema huyu ndiye aliyetuachia hiki nikayaruka. Nikasema kwamba huyu ndiye aliyeondoka akiwa kijana, hakutuachia kitu, hatujui alipolala, na tumekubali. Nikalitamka jina. Hapo ndipo wanawake walipolia, kilio cha matanga, na mikononi mwangu mtoto naye aliendelea kulia kama kawaida yake. Jina halikumnyamazisha. Nesi alikuwa sahihi kuhusu tumbo, lilikuja kuacha lenyewe baadaye, na Mama hadi leo hataki kulizungumzia.

Kwetu mtoto akishapewa jina la mkubwa, ndiye huyo mkubwa, na wadogo wa marehemu humwamkia. Mama alisogea mbele yangu. Aliinama, mwanamke mwenye vitukuu, na miguu ile, akashika kidole cha mtoto.

"Shikamoo, mjomba," akasema.

Anayemshika mtoto ndiye humwitikia. Nilisema marahaba. Nilidhani imekwisha, nikataka kumrudisha mtoto kwa mama yake, lakini Mama hakukiachia kile kidole. Alikuwa anamtazama yule mtoto mchanga kwa hasira, hasira ya kweli, ya mtoto aliyeachwa na mjomba wake akiwa bado ananyonya.

"Dada yako alikungoja mpaka akaacha kuona," akasema. "Ungemwambia hata kwa ndoto kwamba umekufa."

Akangoja ajibiwe. Watu wote walikuwa wananitazama mimi, mwenye mtoto, nimjibu kwa niaba yake.